Masikio Hayafanani: Historia Fupi ya Visikizi vya Bei Ghali

Leo naweka kando Java na hifadhidata. Kuna swali ambalo watu huniuliza mara tu wanapojua kwamba napenda vifaa vya sauti: visikizi vipi ni bora kuliko vyote? Swali la pili hufuata papo hapo: je, kuna haja yoyote ya kulipa dola 2,000 kwa kitu kinachotoshea mfukoni mwa shati? Hizo ni zaidi ya Sh250,000, pesa ambazo zinaweza kununua tarakilishi mbili nzuri za kufanyia kazi. Kwa hivyo swali si la mchezo.

Ninavyoona, huwezi kulijibu bila kujua vifaa hivi vilitoka wapi. Tatizo ni kwamba vina wazazi wawili wasiofanana, na mpaka leo watoto wao wanagombana.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Hedifoni ni zile za kuvaa kichwani. Ninaposema visikizi nina maana ya vile vinavyoingia ndani ya mfereji wa sikio na kuuziba kabisa, vile ambavyo wanamuziki na wapenzi wa sauti huviita IEM. Na ule mtambo mdogo ulio ndani yake, unaotoa sauti yenyewe, nitauita kispika.

Haya, tuanze.

JIKONI UTAH

Mwaka wa 1910, Mmarekani aitwaye Nathaniel Baldwin, wa jimbo la Utah, aliunda hedifoni zilizowashangaza wakuu wa jeshi la majini la Marekani. Alikuwa akizitengeneza jikoni mwake, kwa hivyo hakuweza kutoa nyingi kwa wakati mmoja. Zilikuwa na uwezo wa kusikia mawimbi hafifu ya redio kuliko zilizokuwapo wakati huo, na jeshi likaanza kumwagiza.

Siri yake ilikuwa kijiti chembamba cha chuma kilichowekwa katikati ya ncha za sumaku, kikiwa kimelingana pande zote mbili kama mizani. Umeme wa sauti ukipita katika koili, kijiti kinavutwa upande huu na upande ule, nacho kinatikisa kiwambo chepesi kilichounganishwa nacho. Kwa kuwa kijiti kimelingana, umeme kidogo sana unatosha kukisukuma.

Nalitaja jambo hili kwa sababu ukifungua visikizi vingi vya bei ghali vya siku hizi utakuta wazo lile lile, ila limepunguzwa mpaka likawa dogo kuliko punje ya mahindi. Nitaliita kispika cha kijiti. Mwenzake ni kispika cha koili, ambacho ni spika ya kawaida kama ile ya redio, iliyofanywa ndogo. Cha koili kina nguvu katika besi kwa sababu kinasukuma hewa nyingi. Cha kijiti ni chepesi na kina kasi, lakini kimoja peke yake hupata taabu kufunika sauti zote kuanzia chini kabisa hadi juu kabisa.

MZAZI WA KWANZA: MAABARA

Aliyekifanya kispika cha kijiti kiwe kidogo hivyo hakuwa na nia ya muziki hata kidogo. Hugh Knowles alianzisha kampuni yake Marekani mwaka wa 1946, na kampuni hiyo ikawa mtengenezaji mkubwa wa vispika na maikrofoni za vifaa vya kuwasaidia watu wenye matatizo ya kusikia. Kifaa cha aina hiyo kinatumia betri ndogo mno, kwa hivyo kila chembe ya umeme inahesabiwa. Wazo la Baldwin lilifaa kabisa.

Mwaka wa 1972 kampuni hiyo ilitoa sanamu ya kupimia sauti iitwayo KEMAR. Ni kichwa na kifua cha mtu wa wastani, chenye masikio ya mpira na maikrofoni mahali pa kiwambo cha sikio. Sasa wahandisi waliweza kupima kinachofika ndani ya sikio badala ya kukisia.

Mmoja wa waliofanya kazi Knowles ni Mead Killion. Mwaka wa 1983 alianzisha kampuni yake, Etymotic Research, jina ambalo wenyewe hulitafsiri kuwa "kweli kwa sikio". Mwaka wa 1991 kampuni hiyo ikatoa ER-4, visikizi vinavyohesabiwa kuwa vya kwanza vya aina hii vilivyolenga usikilizaji wa muziki wa hali ya juu. Kispika kilikuwa kimoja tu cha kijiti kila upande. Unavisukuma ndani kabisa ya sikio mpaka unaona aibu kidogo, na kelele za nje zinapungua kwa zaidi ya desibeli 20.

Wazo la Killion ni rahisi kulieleza. Mfereji wa sikio ni bomba la urefu wa milimita 25 hivi, wazi upande mmoja na limefungwa upande wa pili. Mtu yeyote aliyefanya fizikia shuleni anaweza kupiga hesabu: kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa mara nne ya urefu wa bomba. Unapata Hz 3,430. Katika sikio halisi kilele huwa chini kidogo, karibu na Hz 3,000. Maana yake ni kwamba sikio lako, tangu ulipozaliwa, linaongeza nguvu ya sauti za eneo hilo, na ubongo wako umeshazoea. Ukiziba mfereji kwa kisikizi unakiua kile kilele. Kwa hiyo kisikizi chenyewe ni lazima kikirudishe. Kisikizi kinachotoa mstari ulionyooka kwenye kiwambo cha sikio kitasikika kama mtu anayeongea ndani ya gunia.

Hapo ndipo shule ya kwanza ilipozaliwa: kuna sauti iliyo sahihi, inapimika, na kazi ya mhandisi ni kuifikia. Lakini angalia: hata Killion alitoa aina mbili, ER-4B na ER-4S. B ilifuata vipimo vya maabara kwa ukamilifu zaidi. S ilipunguzwa sauti za juu kidogo, kwa sababu rekodi nyingi zilitengenezwa na mafundi waliokuwa wakisikiliza kwa spika chumbani. Hata katika nyumba ya usahihi kulikuwa na sahihi mbili!

MZAZI WA PILI: JUKWAA

Sasa twende kwenye kelele. Kwa miaka mingi mwanamuziki jukwaani alijisikia kupitia spika zilizolazwa sakafuni zikimwelekea. Mpiga gitaa akiongeza yake, mwimbaji naye anaongeza, mpiga ngoma anataka zaidi ya wote, na usiku ukiisha kila mtu anatoka masikio yakilia.

Mwaka wa 1995 Jerry Harvey alikuwa fundi wa sauti katika ziara ya bendi ya Van Halen. Mpiga ngoma wao, Alex Van Halen, alikuwa akiumizwa na kelele hizo na akataka suluhisho. Vifaa vilivyokuwapo havikumtosheleza, basi Harvey akamtengenezea vyake: kalibu iliyochongwa kwa umbo la sikio la mwenyewe, na ndani yake vispika viwili, kimoja cha sauti za chini na kingine cha sauti za juu, pamoja na saketi ya kuzigawa sauti. Wanamuziki wengine wakavitaka, na kampuni ya Ultimate Ears ikazaliwa mwaka huo huo.

Ona tofauti. Mpiga ngoma hakutaka kipimo cha maabara. Alitaka kusikia mpigo wa miguu yake na besi ya mwenzake, bila kuharibu masikio. Mwimbaji atataka sauti yake iwe mbele. Mpiga gitaa la besi atataka kitu kingine. Kwa hiyo shule ya pili ikasema: sauti nzuri ni ile inayomfaa anayeisikiliza, kwa kazi anayoifanya.

Mwaka wa 2007 Harvey alianzisha kampuni nyingine, JH Audio, na mwaka wa 2008 Logitech ikainunua Ultimate Ears. Nyinyi mnaoijua Logitech kwa puku na kibodi, sasa mnajua iliingiaje kwenye masikio ya watu.

MBIO ZA KUHESABU

Baada ya hapo zilianza mbio. Vispika viwili vikawa vitatu, vitatu vikawa sita, na mwaka wa 2013 JH Audio ikatoa Roxanne, yenye vispika 12 kila upande. Kampuni nyingine zikafuata, na bei nazo zikapanda. Mnunuzi akafundishwa kuhesabu.

Sisi wa programu tulishayaona haya. Mnakumbuka mbio za megahertz? Intel iliifikisha Pentium 4 hadi GHz 3.8 mwaka wa 2004, na mwaka huo huo ikaufuta mpango wa GHz 4, maana joto lilikuwa limewashinda. Namba moja iliyo rahisi kuandikwa kwenye kisanduku ilikuwa imechukua mahali pa swali lenyewe, yaani kazi yangu itaisha upesi kiasi gani?

Vispika navyo ni hivyo hivyo. Ukiwa na 12, ni lazima uzigawe sauti baina yao, na kila mahali pa mgawanyo ni mahali pa kukosea. Ukigawa vizuri utapata besi yenye nguvu pamoja na sauti za juu zilizo wazi. Ukigawa vibaya, sauti ya mwimbaji itapasuka vipande viwili. Idadi haikuambii ni lipi kati ya hayo limetokea.

Kuna balaa jingine la vispika vingi ambalo wauzaji hawalisemi. Ukinzani wao hupanda na kushuka kadiri sauti inavyobadilika. Ukivichomeka kwenye tarakilishi ambayo tundu lake lina ukinzani mkubwa, umbo zima la sauti linabadilika. Kifaa kile kile, wimbo ule ule, sauti mbili tofauti. Kanuni ya mkono ni kwamba ukinzani wa chanzo usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa visikizi. Etymotic wenyewe walionyesha jinsi jambo hili lilivyo dogo na kubwa kwa pamoja: ER-4P yenye ohmu 27, ukiiongezea waya wenye rezista ya ohmu 75, inakuwa ER-4S ya ohmu 100, na sauti yake inabadilika nayo. Hiyo ni rezista ya senti chache.

WATU WALIPOULIZWA

Kwa muda mrefu shule hizi mbili zilibishana bila mwamuzi. Kisha Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman wakafanya jambo ambalo ungedhani lingefanywa zamani: wakawauliza wasikilizaji, bila kuwaonyesha chapa wala bei. Kuanzia mwaka wa 2012 walichapisha matokeo yao kupitia chama cha wahandisi wa sauti, AES. Wazo lao lilikuwa kwamba hedifoni nzuri inapaswa kusikika kama spika nzuri katika chumba kizuri, na chumba huongeza besi. Kutokana na majaribio hayo wakachora mstari wa wastani wa kile watu wanachokipenda. Baadaye wakachora na wa visikizi, na huo una besi zaidi.

Lakini kilichonivutia mimi ni utafiti wao wa mwaka wa 2019, uliotumia hedifoni za kichwani na wasikilizaji 130. Walipoacha kutafuta wastani na kuangalia makundi, waliyakuta matatu. Asilimia 64 waliupenda ule mstari au kitu kilicho karibu nao. Asilimia 15 walitaka besi zaidi. Asilimia 21 walitaka besi pungufu, na katika kundi hili wanawake na watu waliopita miaka 50 walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa.

Basi maabara ilikuwa na haki: kuna sauti inayowapendeza wengi, na inapimika. Na jukwaa nalo lilikuwa na haki: zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu yuko nje ya hiyo sauti, na hana kosa lolote.

Na bei je? Mwaka wa 2017 Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni na visikizi 283 vya bei za kila aina. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei na umbo la sauti. Soma tena sentensi hiyo kabla hujatoa kadi ya benki.

KWA NINI MIMI NA WEWE HATUSIKII KITU KIMOJA

Kuna mambo ambayo si ya ladha kabisa, ni ya mwili. Kisikizi kikiwa ndani, kinabakisha bomba fupi kati yake na kiwambo cha sikio. Likiwa la milimita 20, kilele cha mlio wake kinakuwa karibu Hz 8,600. Sukuma kisikizi ndani milimita 5 zaidi na kilele kinahamia karibu Hz 11,400. Herufi "s" za mwimbaji ziko maeneo hayo. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba visikizi fulani vinamchoma, na mwingine anasema ni laini, huenda wote wawili wanasema kweli. Vifaa vinavyotumiwa kupima visikizi huiga sikio la wastani, na sijawahi kukutana na mtu mwenye sikio la wastani.

Pili ni kuziba. Mpira usipokaa sawasawa, besi inavuja yote. Watu wengi wanaolalamika kwamba visikizi fulani havina besi wanahitaji mpira wa saizi nyingine tu.

Tatu ni kiwango cha sauti. Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka wa 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza. Anayesikiliza kwa utulivu usiku anahitaji besi zaidi kuliko anayepandisha hadi juu. Ndiyo sababu pia mlinganisho wowote ambao haukusawazisha sauti ni bure: kilicho juu kidogo kitashinda, kila mara.

Nne ni muziki wenyewe. Mimi nasikiliza benga sana, na uzi wa chini wa gitaa la besi uko karibu Hz 41. Nikipewa visikizi vilivyokauka huko chini, nusu ya mazungumzo kati ya magitaa inapotea. Lakini pia napenda rekodi za kale, kama zile ambazo Siti binti Saad alianza kurekodi Bombay mwaka wa 1928. Santuri za wakati ule zina mkwaruzo mwingi na sauti chache sana za juu. Visikizi vinavyong'arisha sauti za juu, ambavyo watu husifu kwamba vinafichua kila kitu, hapo vinafichua mkwaruzo tu.

UCHINA YAINGIA

Watu walipokwisha kuwa na mstari wa kulenga na vipimo vya kuufikia, hakukuwa tena na siri ya kulinda. Kampuni za Uchina zikaingia. Mwaka wa 2022 Moondrop ilitoa Chu kwa dola 20 hivi, yenye kispika kimoja cha koili, na mwaka huo huo Truthear ikatoa Zero kwa dola 50 hivi, iliyotengenezwa pamoja na mpimaji maarufu ajulikanaye kama Crinacle. Zote mbili zinafuata mistari ya maabara kwa karibu kuliko vifaa vingi vya dola elfu moja.

Na kwa wenzangu wa programu huria kuna AutoEq, mradi wa Python wa Jaakko Pasanen. Unachukua vipimo vya kifaa chako, unachagua mstari unaoupenda, nao unakupa namba za kuweka kwenye ikwalaiza. Besi unayoweza kuiongeza kwa mistari michache ya namba haina sababu ya kununuliwa kwa laki mbili.

Je, vya bei ghali havina kitu? Vinacho. Kalibu ya sikio lako mwenyewe inakaa vizuri saa nyingi na inaziba bila taabu. Waya unabadilishwa ukikatika. Kifaa kinaweza kurudishwa kwa fundi. Na kuna uzuri wa kazi ya mikono, ambao si dhambi kuulipia ukijua kwamba ndio unaoulipia.

NINAVYOLINGANISHA MIMI

Utaratibu wangu ni huu. Nasawazisha sauti kwa kipimo, si kwa kukadiria. Natumia nyimbo tano nilizozijua miaka mingi. Naangalia kwamba mpira umeziba. Nasikiliza kila kimoja siku kadhaa kabla ya kurudi kwa cha kwanza, maana ubongo huzoea chochote, na ni wakati wa kurudi ndipo tofauti inapojitokeza. Ikiwezekana, namwomba mtu mwingine avibadilishe bila kuniambia.

Kwa njia hiyo nimejua kwamba mimi ni wa lile kundi la wengi, ila nataka sauti za juu zipunguzwe kidogo. Wewe uliyelelewa na besi ya matatu huenda uko kwenye ile asilimia 15. Karibu, hakuna atakayekukamata.

La mwisho, na ndilo kubwa. Vifaa hivi viliingia jukwaani ili kuokoa masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 unazoongeza zinakata muda huo nusu. Ukifika desibeli 89 umebaki na saa 5 kwa wiki nzima. Visikizi vinavyoziba vizuri vinakuruhusu kusikiliza chini hata ukiwa ndani ya basi lenye kelele, na hiyo ndiyo faida ambayo hakuna ikwalaiza itakayokupa.

Kwa hiyo ukiniuliza vipi ni bora, nitakuuliza kwanza unasikiliza nini, wapi, na kwa sauti ya kiasi gani. Kisha nitakwambia uanze na vya dola 20, ukae navyo mwezi mmoja, ucheze na ikwalaiza mpaka ujue unachokipenda. Ukishakijua, unaweza kwenda kununua vya dola 2,000 ukitaka. Wengi wenu mtaona hamna haja.

Haya, kazi njema, na punguzeni sauti!